Betri haiishi, inaliwa: nimepasua nne kibarazani Ngamiani, njooni mshuhudie

FundiKibarazani (mleta mada)

Wakuu salaam aleikum, na shikamooni wakubwa.

Mie ni fundi redio hapa Tanga mjini, kibaraza changu kipo Ngamiani, barabara za kumi na kitu huko. Namba sitaji, msije mkanijazia magunzi (betri zilizokufa) mlangoni. Jumamosi iliyopita nimepokea redio tatu na saa moja ya ukutani, na zote nne ugonjwa wao mmoja: betri zimevujia ndani. Mwenye redio ya tatu, mzee mmoja wa Makorora, akaniambia kwa sauti ya kulaumu, "Fundi, betri zenyewe nilikuwa hata sijazimaliza."

Neno hilo likanikaa. Watu wengi wanaiona betri kama dumu la mafuta ya taa: umelinunua limejaa, unatumia, likiisha unabaki na dumu tupu. Lakini ndani ya betri hakuna umeme uliomiminwa. Kuna zinki inayoliwa, na umeme unapatikana katika huko kuliwa kwake.

Basi nikachukua betri nne kubwa za tochi, zile zilizoandikwa R20 ambazo wazee wetu wanaziita mawe. Moja mpya, moja imekaa kwenye redio wiki mbili hivi, moja imekufa kabisa, moja imevuja. Nikavaa glavu, nikakata ganda kwa msumeno mdogo. (Msirudie nyumbani. Hizi ni za bei nafuu, za zinki na kaboni. Alkalaini usipasue, na ya lithiamu usiisogelee hata na kisu cha kumenyea maembe.)

Ile mpya, ukishatoa ganda la jina unakutana na kikopo cha zinki, kijivu, kizima. Kikopo hicho ndicho kitako cha betri, upande wa hasi. Ndani kimezungushiwa karatasi yenye unyevu wa kunatanata kama uji wa muhogo, kisha unga mweusi ulioshindiliwa ambao ukigusa shati umeliaga, na katikati umesimama mti wa kaboni, mnene kuliko penseli. Juu ya mti kimevishwa kibati: hicho ndicho kichwa, upande wa chanya. Basi, ndo vyote.

Ya wiki mbili, kikopo kimeanza kuparuza. Ukipitisha kidole unahisi vishimo. Iliyokufa, zinki imebaki nyembamba kama ganda la yai, nimeibonyeza kwa kidole gumba ikaingia ndani. Na ile iliyovuja ina matundu matatu, ule uji umepita hapo, ukala na ganda la nje, ukatoka.

Sasa mzee wangu wa Makorora alisema kweli bila kujua. Betri hailiwi sawasawa pande zote. Mahali pamoja pakitangulia kuliwa, pale panatoboka, na huku pembeni zinki bado ipo tele na redio bado inasema. Na inaliwa hata redio ikiwa imezimwa, ila polepole. Kwa joto letu hili la Januari, si polepole sana.

Nawasilisha. Maswali ruksa.

---

Mkwakwani77

Fundi umetisha. Swali la kizembe: kwa nini betri ya rimoti ni ndogo kama kidole cha mtoto na imeandikwa 1.5, na hilo jiwe lako la tochi nalo limeandikwa 1.5? Kubwa si lingekuwa na nguvu zaidi?

---

TichaMuheza

Swali lake si la kizembe, wanafunzi wangu kila mwaka wanakwama hapo. Nafundisha kemia huku Muheza, niruhusuni nimsaidie Fundi.

Kwanza Fundi kamtaja anayeliwa, kamsahau anayepokea. Zinki ikiliwa inaacha elektroni, vile vichembe vidogo vinavyobeba umeme kwenye waya. Zile elektroni zinataka kuvuka zifike kwenye unga mweusi, ambao ni oksidi ya manganizi, kwa sababu unga huo una uroho nazo. Ila ndani ya betri njia imezibwa. Ile karatasi yenye uji inapitisha ioni (chembe za kemikali zenye chaji), elektroni haipitishi. Njia iliyobaki ni ya nje: zitoke kitakoni, zizunguke kwenye balbu au kwenye spika ya redio, zirudi kupitia kichwani. Huko kuzunguka ndiko kunakowasha taa. Mti wa kaboni ni mlango tu, wenyewe hauliwi, na ndiyo maana hata kwenye betri ya Fundi iliyokufa mti umetoka mzima.

Sasa volti. Volti haziangalii ukubwa, zinaangalia nani kaoana na nani. Zinki na oksidi ya manganizi ni 1.5, iwe kwenye AAA ya rimoti, ya milimita 44.5, au kwenye jiwe la tochi. Zile bapa za CR2032 ni lithiamu na oksidi ya manganizi, ndoa hiyo inatoa 3. Za kuchaji za nikeli ni 1.2. Risasi ya betri ya gari ni 2 kwa kila chumba, vyumba sita unapata 12. Ukubwa unakupa muda, na unakupa uwezo wa kutoa mkondo mkubwa kwa wakati mmoja. Mtungi na pipa ukiviweka juu ya uchaga mmoja, maji yanatoka kwa msukumo uleule, ila mmoja utakauka kabla ya adhuhuri.

Ile ya mstatili ya volti 9 msidanganyike nayo, ndani ni betri ndogo sita zimefungwa pamoja. 1.5 mara 6.

---

Mkwakwani77

Hiyo ya 9 ndo tulikuwa tunailamba na ulimi kujua kama nzima 😂 Ya kwenye maiki ya maulidi.

---

FundiKibarazani

Na wengine hadi leo wanalamba, nawaona.

---

KobeMzee

Vijana mmeandika vizuri. Ila mie nina swali la mtu mzima. Tangu miaka ya themanini nasikiliza mpira kwa redio ya mawe manne. Betri zikilegea naanika juu ya bati tangu asubuhi, jioni redio inasema. Nikiona bado naziuma na meno pembeni, zinasema zaidi. Sasa kama zinki imeshaliwa, ile nguvu ya jioni inatoka wapi? Mtaniambia ni majini?

---

FundiKibarazani

Shikamoo mzee Kobe. Hapo umenibana. Nakiri inafanya kazi, na mie mwenyewe nimekulia kwenye nyumba ambayo betri zilianikwa pamoja na dagaa.

Ila haijarudi zinki hata chembe. Ninavyoelewa mie ni hivi: betri inapofanya kazi mfululizo, sehemu iliyo karibu na zinki inajaa uchafu wa kule kuliwa, na ule uji unakauka kidogokidogo, njia inakuwa finyu. Ukiizima na kuiacha, uchafu unatawanyika. Ukiipa joto, mambo ya ndani yanakwenda mbio zaidi. Ukiiuma, unaushindilia ule unga ukutane vizuri na karatasi. Kwa hiyo unapata zile zinki za mwisho ambazo zilikuwa zimezibiwa njia. Mechi moja, labda na nusu.

Ticha nirekebishe.

---

TichaMuheza

Huna cha kurekebishwa. Niongeze tu kwamba mzee Kobe anauma kikopo ambacho wewe umekibonyeza kwa kidole kikaingia. Yaani kimebakia ganda la yai, na nyuma yake kuna kloridi ya zinki na chumvi ya amonia. Mzee, meno ni yako, ila ladha ile ya chuma chungu mdomoni sio ya bati la nje.

---

KobeMzee

Ile ladha naijua. Nilidhani ni rangi.

---

Mwana_Sahare

Mie ni mvuvi wa dagaa, naomba nichangie kwa upande wa bahari. Zamani tulikwenda na karabai, siku hizi ni taa za LED na betri kubwa ya gari chomboni, hiyo tuiache. Tatizo langu ni tochi ya kichwani, inakula AAA tatu. Ikiingia maji ya chumvi hata kwa bahati mbaya, kesho yake nikifungua nakuta betri zimeoza kichwani na kibati cha tochi kimekwenda. Ya mwenzangu anayelinda bustani, tochi hiyohiyo, mwaka mzima haijambo. Nini hiki?

---

TichaMuheza

Maji ya bahari yanapitisha umeme. Yakikaa baina ya kichwa na kitako, betri yako inafanya kazi usiku kucha hata kama swichi umezima, na kazi yenyewe ni kuila ile chuma ya kichwani na kibati kinachoigusa. Ukirudi pwani itoe betri, suuza tochi kwa maji baridi ya bombani, ipanguse, iache wazi ikauke kivulini. Maji ya bomba hayawezi kuiumiza zaidi ya ilivyoumizwa na bahari.

---

FundiKibarazani

Na huhitaji hata kwenda baharini. Upepo wetu huu wa pwani una chumvi ya kutosha. Redio za Raskazone ninazoletewa, vibati vyake vinaota kutu ya kijani hata betri zikiwa nzima. Za Lushoto kule juu zinafika safi.

---

Kidato_Cha_Zamani

Uzi huu umenikumbusha mbali. Mliosoma shule za msingi zamani mnakumbuka kuambiwa mje na magunzi? Kila mtoto betri mbili mbovu na majani. Tunaponda kwa mawe nyuma ya darasa, tunachanganya na majani ya viazi au kisamvu, tunapaka ubao. Mikono inakuwa myeusi mpaka Jumapili. Kumbe ile nyeusi ndo oksidi ya manganizi ya Ticha! Na mti wa kaboni tulikuwa tunachorea sakafuni viwanja vya kuruka, nilikuwa na wangu mfukoni kama kalamu ya bwana afisa.

---

TichaMuheza

Ndiyo yenyewe, imechanganywa na unga wa kaboni ili ipitishe umeme. Ubao ulipendeza lakini siwaruhusu wanangu leo. Vumbi la manganizi si la kuvuta puani, na betri za miaka ile nyingi zilikuwa na zebaki kidogo, waliiweka ili zinki isiliwe ovyo ikiwa dukani. Hizi za kawaida za siku hizi, viwanda vikubwa viliiacha tangu miaka ya 1990.

Kwa kuwa tumeingia historia, nimalizie moja maana ndiyo inayoeleza redio ya mzee wa Makorora. Mwitaliano Alessandro Volta ndiye aliyetangulia, mwaka 1800, kwa kupanga visahani vya metali mbili tofauti na vitambaa vya maji ya chumvi katikati. Lakini ndoa ya zinki na oksidi ya manganizi ilifungishwa na Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866. Yake ilikuwa chupa ya kioo yenye maji ya chumvi ya amonia. Ukiinamisha inamwagika. Ilitosha kengele za milangoni na simu za waya, tochi isingewezekana.

Miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner akafanya mambo mawili: akayageuza maji kuwa uji mzito, na akaitupa chupa, zinki yenyewe akaifanya kikopo. Hapo betri ikawa ya kubebeka mfukoni. Lakini angalieni alichokifanya: chombo kinachobeba uji ndicho kinacholiwa. Ni kama kuhifadhi uji kwenye bakuli la mkate. Betri ya bei nafuu unayoinunua leo Mgandini bado ni ujanja wa Gassner, na kuvuja kwake kulizaliwa siku hiyohiyo.

---

BintiPangani

Naomba kuingilia. Nina redio ya marehemu baba, ya bendi tatu, ilikaa kabatini miaka minne na betri zake ndani. Hatukujua. Nimeifungua jana, betri mbili zimegandana na springi, kuna unga mweupe na kijani. Mama hataki itupwe. Inapona?

---

FundiKibarazani

Pole sana dada. Mara nyingi inapona kama uji haujafika kwenye ubao wa saketi. Niambie betri zenyewe zimeandikwa nini ubavuni. R6 au LR6?

---

BintiPangani

Maandishi yamefutika nusu ila naona LR6.

---

FundiKibarazani

Herufi L hapo ndiyo alkalaini. R peke yake ni zinki na kaboni. Hizi mbili zikivuja dawa yake ni tofauti, ndo maana nimeuliza.

Alkalaini ina haidroksaidi ya potasiamu ndani, ni kali kama maji ya majivu yaliyokolea. Ikitoka nje inakutana na hewa, inakuwa ule unga mweupe. Vaa glavu, usifute macho. Ng'oa betri taratibu kwa kijiti cha mti, usitumie bisibisi. Unga mkavu uangushe chini kwa mswaki mkuukuu, redio ikiwa imeinamishwa ili usiingie ndani. Kisha chovya pamba kwenye siki au ndimu, ikamue, gusa penye unga. Utaona povu. Rudia mpaka povu liishe, halafu pamba yenye maji kidogo, halafu spiriti, iache siku nzima. Mwisho msasa laini kwenye vibati mpaka ving'ae. Usimwage siki, ni kugusa tu.

Ingekuwa ile R tupu, uchachu uko kwenye betri yenyewe, kwa hiyo ndimu haisaidii. Hapo ungetumia magadi kidogo kwenye maji.

---

Mkwakwani77

Ngoja kwanza. Alkalaini si ndo za bei mbaya, na nasikia zenyewe kikopo cha nje ni chuma hakiliwi? Mbona nazo zinavuja?

---

TichaMuheza

Umesikia sawa. Mkanada Lewis Urry, akiwa mhandisi wa Eveready kule Marekani miaka ya 1950, aliipindua nyumba ya Gassner: zinki akaisaga unga akaiweka katikati, oksidi ya manganizi akaizungusha nje, na vyote akavitia kwenye kopo la chuma lisiloliwa. Unga wa zinki una sehemu nyingi za kuliwa kwa wakati mmoja, ndiyo maana alkalaini inaweza kulisha mwanasesere wa kutembea wakati betri ya kawaida inazimia kwa dakika chache.

Inavuja kwa sababu nyingine. Betri ikishachoka na bado imeachwa kwenye chombo, zinki iliyobaki ndani inaendelea kuliwa polepole na kutoa haidrojeni. Gesi inajaa, kopo limefungwa, na ili lisipasuke wameweka kiziba dhaifu makusudi upande wa kitako. Kiziba kikiachia, gesi inatoka na kile kimiminika kinaifuata.

---

FundiKibarazani

Na kinachoongoza kuleta hilo hapa kwangu ni kuchanganya. Mtu ana redio ya betri nne, anabadilisha mbili "ili kubana". Zile mpya zinasukuma mkondo kupitia zile zilizochoka. Zilizochoka hazina cha kutoa tena lakini mkondo bado unalazimishwa upite, zinageuzwa kinyumenyume na kujaa gesi. Ukinibishia, mie nakuonyesha: kwenye redio nyingi nilizofungua, betri iliyovuja ni moja au mbili, na jirani yake ni aina nyingine kabisa.

---

BiMwenyeDuka

Mie nauza betri Kasera, wateja wananitukana bure. Anakuja kijana anataka betri ya saa ya ukutani, nampa za pea moja buku, anasema nampa kanyaboya anataka za gharama. Mwingine anataka za buku kwa ajili ya gari la mtoto la kuchezea, jioni anarudi na gari mkononi. Waambieni watu ipi ya nini.

---

FundiKibarazani

Hesabu ndogo tu bi mkubwa. Saa ya mshale inavuta mkondo mdogo mno, tuseme kama sehemu moja ya kumi ya miliampea. Betri ya AA ya kawaida ikiwa na mAh 800, yaani miliampea 800 kwa saa moja, kwa saa ya mshale hiyo ni saa 8,000, karibu miezi kumi na moja. Rimoti nayo inatoa vidonoo vifupi tu. Hapo alkalaini ni kujivunia. Tena ukiisahau ukutani miaka mitatu, ikivuja imeondoka na saa.

Tochi inayovuta miliampea 250, alkalaini ya mAh 2,000 inakupa saa nane hivi. Ile ya kawaida usigawanye 800 kwa 250 ukadhani utapata tatu na kitu, maana ikikamuliwa kwa nguvu hata hizo 800 haitoi. Gari la mtoto, kamera, mashine ya kupimia presha: alkalaini, au za kuchaji.

---

ChumaChakavu

Za kuchaji hamjazigusa na ndiko watu wanakopigwa. AA za nikeli zikiandikwa mAh 4000 na kuendelea, ni mchongo. Nzuri kabisa zinacheza 2,000 hadi 2,700 hivi. Na zile nene za tochi za polisi, 18650 za lithiamu, ukiona imeandikwa 9900 rudisha pesa mfukoni, za kweli nyingi hazizidi 3,500 hivi. Niliwahi kupasua moja (ndiyo Fundi, najua) nikakuta ndani kibetri kidogo na kilichobaki unga mweupe wa kujazia uzito.

Faida ya nikeli: inachajiwa mamia ya mara. Volti ni 1.2, watu wanaogopa, lakini redio nyingi hazijali maana hata alkalaini ikifika katikati ya maisha yake iko hapohapo. Kasoro: za aina ya zamani zinapoteza chaji zikiwa zimekaa tu. Tangu Sanyo walete Eneloop mwaka 2005 zipo zinazokaa nayo mwaka na zaidi.

---

Mkwakwani77

Na hizi za kawaida haziwezi kuchajiwa kidogo? Kuna jamaa anazichaji na chaja ya simu.

---

ChumaChakavu

Mwambie akae mbali na watoto wakati anafanya hivyo. Zinki iliyoliwa hairudi kikopo, inayorudi ni gesi.

---

NesiZamu

Naona mmezungumza redio na tochi, hamjafika kwenye ile inayonikosesha usingizi. Vile vibetri bapa, CR2032 na ndugu zake, vya mizani, funguo za gari, rimoti ndogo, kadi za sikukuu zinazoimba. Mtoto akimeza kimoja kikakwama kooni, hakuna kinachovuja, na bado kinaunguza. Mate yanakamilisha ile njia ya nje aliyoisema Ticha, na upande wa hasi wa betri kunatengenezwa kemikali kali ya jamii ileile ya kwenye alkalaini, juu ya nyama ya mtoto. Saa mbili zinatosha kuleta kidonda kibaya. Na betri iliyoshindwa kuendesha mizani bado ina volti za kutosha kufanya hivyo, kwa hiyo "ni mbovu, mpe achezee" lifuteni.

Ukishuku tu, nenda hospitali wakapige eksirei. Kwenye picha inafanana na sarafu ila ukingo wake unaonekana duara mbili. Usimtapishe, usimlishe chakula. Kama mtoto amezidi mwaka mmoja, ameweza kumeza, na hazijapita saa 12, mwongozo unaruhusu asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali inapunguza makali tu. Isiwacheleweshe kutoka nyumbani. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Na kama kimeingia puani au sikioni, vilevile, leo leo.

---

BiMwenyeDuka

Ya Rabbi. Nina kopo zima la hivyo chini ya meza. Nahamisha sasa hivi.

---

Kidato_Cha_Zamani

Swali la haraka. Mke wangu anaweka betri kwenye friji, anasema zinadumu.

---

TichaMuheza

Baridi kweli inapunguza kuliwa, ila alkalaini ikiwa kwenye nyuzi 20 inapoteza asilimia 2 au 3 tu kwa mwaka, faida yenyewe ni ndogo. Na kwa unyevu wa Tanga ukiitoa inatoa jasho. Kabati la kivulini linatosha, mwachie friji aweke tende.

Halafu nina moja ya darasani, mnichekee. Muheza hatuna shida ya machungwa. Nilitoa machungwa manne, kila moja nikachoma msumari wa kuezekea, ule uliopakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba. Kila chungwa likatoa karibu volti 0.9, manne kwa mfululizo yakawasha taa nyekundu ya LED, hafifu lakini ikawaka. Darasa likapiga makofi, mmoja akasema chungwa lina umeme. Nikawaambia basi badilisheni machungwa, misumari iacheni. Taa ikawaka vilevile. Nikawaambia rudisheni machungwa yaleyale, misumari wekeni ile myeusi isiyopakwa. Ikazima. Yule mtoto akainua msumari wa kwanza akautazama pale ulipokuwa umezama kwenye chungwa, ule mng'ao umefifia, akasema, "Kwani ticha, chungwa limeula?"

---

Mwana_Sahare

Fundi, magunzi yenyewe tuyatupe wapi? Kwetu wanayatia chooni, wanasema choo hakijai.

---

FundiKibarazani

Choo kinajaa vilevile. Na maji ya visima vya kwetu mnajua yako karibu kiasi gani. Motoni usitie, inalipuka. Mie nakusanya kwenye ndoo yenye mfuniko, kavu. Zile bapa na za lithiamu nazibandika utepe wa gundi pande zote mbili zisipigane shoti. Ndoo ikijaa namuuliza mwenye vyuma chakavu, akikataa nakaa nayo. Ndoo ya pili sasa.

---

BintiPangani

Nimerudi, siku kumi na mbili. Nimefanya kama ulivyosema, povu lilitoka mara tatu. Springi moja ilikatika mkononi, nikakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara nikaishindilia pale. Nikaweka betri mpya nne za aina moja.

Ilianza na mkwaruzo tu, nikajua imekufa. Nikazungusha kitufe taratibu, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema isogeze kidogo kulia, baba yako alikuwa anaiacha hapo. Nikasogeza. Wakawa wanasoma vifo.

Bendi ya pili haishiki. Jumatatu nakuja mjini kukuletea.

---

FundiKibarazani

Karibu sana, swichi ya bendi hiyo inataka kusafishwa tu. Njoo na ile springi iliyokatika, hata kipande, nipate kipimo chake. Na hiyo karatasi ya fedha itoe usiku huu, pamoja na betri. Ikiteleza ikagusa kichwa na kitako kwa pamoja, hutakuta redio ya kuniletea.